Simiti ya Bamburi si ile ya zamani: kilichobadilika ndani ya mfuko, na kinachomhusu anayejenga

Mfuko wa simiti ungali kilo 50. Ungali unabebwa begani kutoka kwenye lori hadi hadiwea, na kutoka hadiwea hadi kwenye mkokoteni, na mbebaji angali anamaliza siku akiwa wa kijivu kuanzia nywele hadi viatu. Kilichobadilika ni unga uliomo ndani. Mkaazi anayejenga leo Kiembeni, Utange au Shanzu akinunua mfuko wa bei ya chini, huenda karibu nusu ya unga ule si saruji kwa maana aliyoijua babu yake. Ni majivu ya volkano yaliyosagwa.

Huo si uchakachuaji. Ni bidhaa iliyoundwa upya kwa makusudi, inaruhusiwa na kiwango kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), na maandishi ya kuieleza yamechapishwa kwenye mfuko wenyewe. Tatizo ni kwamba mfuko ulibadilika na jina likabaki lile lile. Mteja bado anasema "nipe simiti", muuzaji anampa simiti, na fundi anaichanganya vile alivyofundishwa na fundi aliyemtangulia. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo yalitoka wapi, yanapunguza nini katika hewa, na kwa nini faida yote inaweza kupotelea kwenye ploti yako kabla ukuta haujakauka.

Jiwe likichomwa

Watu wa Bamburi hawahitaji kuelekezwa kiwanda kilipo. Kuna kituo cha matatu kinachoitwa Mtambo. Kampuni iliundwa mwaka 1951 na Felix Mandl, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya saruji ya Uswisi, na uzalishaji ukaanza 1954 kwa uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Tangu hapo uwezo huo umepita tani milioni moja, kiwanda cha kusaga kikajengwa Athi River, na wenye hisa kubwa wamebadilika mara kadhaa. Wa hivi karibuni ni kundi la Amsons la Tanzania, lililoichukua kampuni kutoka kwa Holcim mwezi Desemba 2024.

Malighafi ya kwanza ni jiwe la chokaa. Hapa kwetu jiwe hilo ni matumbawe ya kale, mwamba uliojengwa na viumbe wa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati maji ya bahari yalikuwa juu kuliko leo. Ndilo jiwe ambalo wazee walilichonga kujengea nyumba za Mji wa Kale, na ambalo Wareno walilitumia walipoanza Fort Jesus mwaka 1593. Kiwandani husagwa pamoja na udongo, kisha unga huo huingizwa katika tanuri refu la chuma linalozunguka polepole. Ndani, joto hufika takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Kinachotoka upande wa pili ni vidonge vigumu vya kijivu, ukubwa wa kokoto ndogo, viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa na jasi kidogo, kama asilimia tano, unapata saruji ya asili, ile inayoitwa Portland.

Kila tani moja ya klinka huacha angani takriban kilo 850 za kaboni dayoksaidi. Wengi hudhani gesi hiyo yote ni ya makaa na mafuta yanayochomwa tanurini. Sivyo. Zaidi ya nusu, kama kilo 500, hutoka ndani ya jiwe lenyewe, kwa sababu jiwe la chokaa ni chokaa iliyoshikana na kaboni, na kulichoma ni kuvitenganisha. Hata tanuri likiwashwa kwa nguvu za jua peke yake, kilo zile 500 zitatoka tu. Ndiyo maana saruji hukadiriwa kuchangia kati ya asilimia 7 na 8 ya kaboni dayoksaidi yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Ni kiasi kikubwa kuliko cha ndege zote zinazoruka.

Kwa hivyo viwanda vinapochoma matairi machakavu, makapi ya mpunga au maganda ya kahawa badala ya makaa, vinagusa ile sehemu iliyo ndogo. Ni jambo jema, na matairi yana mahali pa kwenda badala ya kukaa mitaroni yakifuga mbu. Lakini jiwe halijaguswa. Anayetaka kupunguza kwa kiasi cha maana hana budi kupunguza klinka ndani ya mfuko.

Timbo na mivinje

Hapa msomaji wa Bamburi ataniuliza: je, Haller Park? Ni swali la haki, kwa kuwa ukitaja kiwanda na mazingira kwa pamoja, jina hilo huja kwanza.

Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda tangu 1959, alianza kupanda miti katika timbo lililochimbwa likaisha. Sakafu ya timbo ilikuwa jiwe tupu, bila udongo, na maji ya chumvi yalikuwa karibu sana chini yake. Miti mingi aliyoijaribu ilikufa. Mvinje ulistahimili. Shida ikawa majani yake membamba yalianguka yakalala tu, hayaozi. Haller aligundua kwamba jongoo wanaweza kuyala, basi akawaleta jongoo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mahali hapo pakafunguliwa kwa umma mwaka 1984. Twiga, viboko na kisa cha Owen na Mzee, kiboko mtoto aliyemfuata kobe mkongwe baada ya tsunami ya 2004, vilikuja juu ya kazi ya jongoo.

Kazi ile inastahili sifa zote ilizopata. Lakini tusiichanganye na jambo tunalolizungumza. Kufunika timbo ni kuponya kidonda baada ya kukichimba, na bidhaa inabaki vile vile. Kubadilisha kilichomo ndani ya mfuko ni kuchimba kidogo tangu mwanzo. Tani moja ya klinka hula takriban tani moja na nusu ya jiwe na udongo. Kila asilimia ya klinka inayotolewa kwenye mfuko ni jiwe lililobaki ardhini, na si lazima mtu aje baadaye na miche.

Nisiwasifu wenye viwanda kupita kiasi, hata hivyo. Klinka ndiyo sehemu ghali ya saruji, kwa kuwa ndiyo inayokula mafuta. Majivu ya volkano yanachimbwa, yanakaushwa, yanasagwa, basi. Kiwanda chochote duniani kinachopunguza klinka kinapunguza gharama zake pia, na sidhani kwamba hali ya hewa ndiyo iliyokuwa sababu ya kwanza mezani. Mwaka 2023, Sheria ya Fedha ya Kenya ilipoweka ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, hoja ilikuwa kulinda viwanda vya humu nchini. Hata hivyo, klinka ikipanda bei, kila mwenye mtambo wa kusaga ana sababu moja zaidi ya kutumia kidogo.

Majivu ya volkano yanafanya nini

Mchanganyiko huu una umri mrefu kuliko saruji yenyewe. Warumi walichukua majivu ya volkano karibu na mji wa Pozzuoli, Italia, wakayachanganya na chokaa, wakapata zege linaloganda hata chini ya maji. Kutoka jina la mji huo tukapata neno pozolana.

Mafundi wa Pwani nao walikuwa na chokaa tangu zamani. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa, yakazimwa kwa maji na kuachwa yakae. Chokaa ile ilishika kwa kunyonya tena kaboni kutoka hewani, polepole, miaka na miaka. Kitu tulichokikosa ni volkano. Majivu ya Kenya yako bara, upande wa Bonde la Ufa na vilima kama Chyulu, na ufuo wetu wa matumbawe hauna hata kilima kimoja cha namna hiyo. Kwa kiwanda kilichoko pwani, pozolana ni mzigo wa safari ndefu.

Ndani ya ukuta, kazi yake ni hii. Klinka ikikutana na maji hushika, na katika kushika huko huachilia chokaa isiyo na kazi. Chokaa hiyo hukaa ndani ya zege ikiwa sehemu dhaifu, na maji ya chumvi huipenda kuivamia. Pozolana peke yake haishiki kitu. Ukiikoroga na maji unapata tope. Lakini ikikutana na ile chokaa ya ziada, huungana nayo na kufanya gundi ile ile inayofanywa na klinka. Vitundu vidogo ndani ya zege vinazibika. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari hii ni faida kubwa, kwa kuwa chumvi hupata shida zaidi kupenya hadi kwenye vyuma.

Ila muungano huo wa pili ni wa polepole. Huanza baada ya klinka kuanza, huendelea kwa majuma na miezi, na hauwezi kutokea bila maji. Mambo mawili hayo, muda na maji, ndiyo mafundi wetu wengi hawapewi.

Kusoma mfuko

Kwenye kila mfuko halali kuna mstari wenye alama ya kiwango, KS EAS 18-1, kinachotumika Afrika Mashariki na kinachofanana na kile cha Ulaya. Baada yake kuna herufi CEM, namba ya Kirumi, na namba ya nguvu. Msomaji asiziogope.

CEM I ni saruji tupu: klinka asilimia 95 au zaidi. CEM II imechanganywa kiasi. Ikiwa na herufi A, klinka ni kati ya 80 na 94, ikiwa na B ni kati ya 65 na 79. CEM IV ndiyo ya pozolana hasa. CEM IV/A ina klinka kati ya 65 na 89, na CEM IV/B ina kati ya 45 na 64 tu. Nyingi kati ya simiti za bei nafuu katika hadiwea zetu ziko katika jamii hii ya mwisho.

Namba ya nguvu ni 32.5 au 42.5. Ni kipimo cha shinikizo ambalo kipande cha majaribio kinahimili baada ya siku 28. Kwa lugha ya mizani, 32.5 ni kama kilo 330 zikikalia kila sentimita moja ya mraba, na 42.5 ni kama kilo 430. Kati ya majina ya Bamburi, Nguvu ni ya 32.5 na Power Max ni ya 42.5.

Lakini siku 28 ni nusu ya habari. Herufi N inayofuata namba ina maana ya kushika kwa mwendo wa kawaida, na R ni ya haraka. Kiwango kinaitaka saruji ya 42.5N ifikie megapaskali 10 ndani ya siku mbili. Ile ya 32.5N haidaiwi chochote siku ya pili. Hupimwa siku ya saba, na hapo inatakiwa iwe imefika 16. Yaani kiwango chenyewe kinakubali kwamba simiti hii inachelewa. Fundi anayeng'oa mbao na nguzo za slabu kwa hesabu ya siku alizozoea na simiti ya zamani anaipa slabu mzigo ambao bado haijawa na mifupa ya kuubeba.

Nchini Nigeria jambo hili lilizua mzozo mkali baada ya majengo kuporomoka, na mwaka 2014 shirika lao la viwango likaamua kuwa 32.5 itumike kwa plasta, na zege la kubeba mzigo limwagwe kwa 42.5. Kwetu hakuna katazo la namna hiyo, na wahandisi husema kuwa 32.5 iliyopimwa, ikachanganywa sawasawa na kunyweshwa maji, inaweza kubeba nyumba ya chini. Nakubaliana nao kwa maneno hayo yote. Ila kwenye mjengo wa ghorofa ambao mwenyewe yuko Ughaibuni, akituma pesa na kupokea picha kwa simu, "kupimwa" na "kunyweshwa maji" ni maneno mazito sana. Kwa nguzo, mihimili na slabu, mimi ningenunua 42.5 nikalala usingizi. Kwa kujengea mawe, plasta na sakafu ya chini, ningenunua 32.5 ya pozolana, na hapo CEM I ningeiona ni kupoteza pesa na kuchafua hewa bila sababu.

Hesabu ya fundi

Chukua plasta ya nyumba inayohitaji mifuko 20, yaani tani moja. Ukitumia CEM I yenye klinka asilimia 95, umeacha angani takriban kilo 810 za kaboni dayoksaidi. Ukitumia CEM IV/B yenye klinka asilimia 60, ni takriban kilo 510. Umeokoa kilo 300, ambazo ni sawa na kuchoma lita 130 za petroli. Kwa nyumba moja, kwa kazi moja, bila kununua mtambo wowote. Hii ndiyo nguvu ya kubadilisha bidhaa badala ya kumhubiria mtumiaji.

Sasa fundi anaingia. Amesikia, na pengine ameona, kwamba simiti ya siku hizi "haina nguvu". Ukuta aliopiga plasta mwaka jana ulifanya nyufa. Basi anaongeza. Badala ya mifuko 20 anaagiza 30. Piga hesabu tena: mifuko 30 yenye klinka asilimia 60 ni takriban kilo 765. Karibu akiba yote imeliwa, na mwenye nyumba amelipa mifuko kumi zaidi. Kibaya zaidi, plasta yenye simiti nyingi mno husinyaa ikikauka na kufanya nyufa zaidi, na fundi anathibitishiwa imani yake.

Sitaki kumlaumu fundi. Hakuna aliyemwambia. Kiwanda kilibadilisha unga, kikachapisha herufi ndogo pembeni ya mfuko, kikaendelea na biashara. Aliyejifunza kazi akiwa kibarua anajua toroli ngapi za mchanga kwa mfuko mmoja, na hesabu hiyo ameirithi. Kama gari lingebadilishwa breki zikawa zinashika kwa kuchelewa, dereva angeambiwa kabla ya kupewa ufunguo. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kulifundisha hili kwa siku moja, na muuzaji wa hadiwea anaweza kulisema kwa sentensi moja: hii ni ya plasta, ile ni ya slabu.

Maji, tena maji

Jambo linaloharibu simiti ya pozolana kuliko yote hapa kwetu ni kiu. Zege linatakiwa kubaki na unyevu angalau siku saba. Lenye pozolana nyingi linafaidika na siku kumi hadi kumi na nne. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua na upepo hukausha uso wa slabu kabla ya alasiri. Zege likishakauka, ule muungano wa pili husimama, na pozolana iliyobaki inakuwa vumbi tu lililofungwa ndani ya ukuta. Nusu ya klinka imeondolewa, na kilichowekwa mahali pake hakikupewa nafasi ya kufanya kazi. Hapo ndipo msemo wa "haina nguvu" unapopata ushahidi.

Dawa yake inajulikana: magunia yaliyoloweshwa, au mchanga uliotandazwa juu ya slabu na kumwagiwa maji asubuhi na jioni, au nailoni iliyofunika uso wote na kukandamizwa pembeni kwa mawe. Nailoni ndiyo inayofaa zaidi pale maji yananunuliwa kwa mitungi, kwa kuwa inayazuia maji yaliyomo yasitoke badala ya kudai mengine. Maji ya Baricho yakikatika, kama yanavyokatika, nailoni haikatiki.

Hapa kuna mtego ambao watu wa bara hawaujui. Maji ya visima vingi vya Bamburi na Kisauni yana chumvi. Mwenye mjengo aliyeishiwa maji matamu atasema, si ni ya kuchanganyia tu? Kwa zege lenye vyuma, hapana. Chumvi haiharibu simiti upesi, lakini hula chuma. Chuma kikishika kutu hufura, na kikifura hupasua zege kutoka ndani. Kila mtu amewahi kuona chini ya roshani za zamani vyuma vyekundu vikichungulia na vipande vya zege vikidondoka. Mchanga wa ufuoni una hatari hiyo hiyo. Hata kwa plasta, maji ya chumvi huutoa ukuta alama nyeupe, na rangi ikabanduka kabla ya Idi ya pili.

Basi maji matamu kwa kuchanganya na kwa kunywesha, kwa kila kitu chenye chuma. Na yasizidi. Mfuko mmoja kwa zege unahitaji kama lita 25, ukihesabu na unyevu uliomo tayari kwenye mchanga mbichi. Vibarua hupenda uji mwepesi kwa sababu humiminika bila kusukumwa, lakini kila lita ya ziada huacha kitundu ikikauka, na kupitia kitundu hicho chumvi ya bahari huingia. Karibu na ufuo, chuma kiwe ndani ya zege milimita 40 au zaidi kutoka nje. Kazi ya pozolana ya kuzuia chumvi inategemea haya yote. Haifanyiki peke yake kwa sababu imeandikwa kwenye mfuko.

Kinachokuja

Watafiti wa Uswisi, India na Cuba wamekuwa wakitengeneza aina nyingine iitwayo LC3. Ndani yake klinka ni nusu tu. Asilimia 30 ni udongo wa mfinyanzi uliookwa, 15 ni jiwe la chokaa lililosagwa likiwa bichi bila kuchomwa, na 5 ni jasi. Udongo huokwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na hauna kaboni ya kutoa kama jiwe la chokaa. Hesabu yao ni kwamba kaboni dayoksaidi hupungua hadi asilimia 40 ukilinganisha na saruji tupu.

Kwa mji usio na volkano, wazo hili lina maana ya pekee. Jiwe la chokaa tunalo hadi uvunguni. Udongo si kila mmoja unafaa; unatakiwa wenye madini ya kaolini, asilimia 40 au zaidi, na hilo hupimwa maabara, halikisiwi kwa macho. Ukipatikana karibu na pwani, safari za malori ya pozolana kutoka bara zingepungua. Na hapo pia ningeuliza swali lile lile nililouliza juu: nani atamwambia fundi?

Njia nyingine ni kupunguza simiti yenyewe ndani ya nyumba. Huko Kilifi, kampuni ya 14Trees ilijenga nyumba za mradi wa Mvule Gardens kwa mashine inayomimina kuta tabaka kwa tabaka, bila mbao za kushikilia. Ni kazi ya kutazamika, ingawa mashine ile haitafika kwenye ploti ya mwalimu wa Mtopanga karibuni. Kwa mwalimu huyo, matofali ya zege yenye matundu, au mawe ya matumbawe yaliyokatwa sawasawa kwa msumeno hata yakahitaji simiti nyembamba katikati, yanaokoa zaidi kwa pesa anazozijua.

Mifuko ikikaa

Jambo la mwisho ni la stoo. Simiti hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Pwani ina unyevu mwaka mzima. Mfuko uliokaa miezi mitatu umepoteza sehemu ya nguvu zake hata kama haujafunguliwa. Muulize muuzaji mzigo ulifika lini, na ukipata tarehe kwenye mfuko isome. Bonyeza kona ya mfuko kwa vidole: mabonge yanayovunjika kwa urahisi hayana neno kwa plasta, yale yanayokataa kuvunjika rudisha. Nyumbani ipange juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na uifunike na nailoni. Nunua ya kazi ya wiki hiyo. Mafundi wengi huagiza mifuko yote siku moja kwa sababu ya nauli ya lori, halafu kazi inasimama pesa zikiisha, na mifuko kumi na tano inageuka mawe nyuma ya nyumba. Ukiona pesa hazitatosha kumaliza, afadhali ulipe mkokoteni mara tatu.